Barua kwa Aika: mlima bila ngata kichwani

Thun, Uswisi, Septemba 2018

Mwanangu Aika,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu nikiwa kwenye basi, natoka zamu ya usiku. Ukaniuliza: "Mama, hivi treni si inafika hukohuko juu? Sasa kwa nini mtu alipe hela apande kwa miguu?" Na nyuma yako nikamsikia bibi yako anasema, "Muulize alikuwa amebeba nini." Nilitaka kukujibu palepale, nikashindwa. Jibu la swali lako ni fupi. La bibi ndilo lililonikesha, na ndilo linalonifanya nikuandikie badala ya kukupigia.

Treni ipo kweli. Inatoka Lauterbrunnen, inapita Wengen, inafika Kleine Scheidegg kwenye mita 2,100 hivi, na hapo ukitaka unapanda nyingine inayopita ndani ya mwamba mpaka Jungfraujoch, mita 3,454. Katikati ya reli zake kuna meno ya chuma ambayo gurudumu linayang'ata, maana mlima umesimama mno kwa treni ya kawaida. Mbio zetu, zinazoitwa Jungfrau Marathon, zilianzia Interlaken, mita 565, na zikaishia hapo Kleine Scheidegg. Ni kilomita 42 na mita 195, zilezile za marathoni yoyote, ila humo ndani mna mita 1,829 za kupanda. Fikiria mtu ametoka Himo kwa miguu yake mpaka vibanda vya Mandara kule Kilimanjaro, kwa asubuhi moja. Zilianza mwaka 1993, na mtu aliyewahi kuzikimbia kwa kasi kuliko wote ni Jonathan Wyatt wa New Zealand, mwaka 2003, saa 2, dakika 49 na sekunde 1. Mimi huwa naisoma tena hiyo namba nikiwa sina la kufanya, nikijaribu kuelewa mtu anakimbiaje pale.

Kilomita 10 za mwanzo sina mengi ya kukueleza. Ni tambarare, watu wamejaa barabarani, wazee wametundika kengele kubwa za ng'ombe mabegani wanazitikisa mpaka kifua chako kinatetemeka. Tunapita kando ya ziwa la Brienz. Maji yake ni kijani kilichochanganyika na buluu, rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye maji mengine. Baadaye nikaelezwa kwamba ni unga wa mawe: barafu kule juu husaga mwamba, mito ikaushusha unga ziwani, mwanga wa jua ukaupiga ukawa vile. Wengi hapo wanakimbia kama wamechelewa basi. Mimi nilijizuia, nikamkumbuka babu yako. Unajua alikuwa mgumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, na alikuwa akisema mgeni anayeimba getini ndiye utakayembebea begi lake kesho. Nikanyamaza, nikahesabu pumzi.

Lauterbrunnen ni bonde lenye kuta za mwamba pande zote mbili, na kwenye ukuta mmoja kuna maporomoko yanayoitwa Staubbach, karibu mita 300 kwenda chini. Jina maana yake ni kijito cha vumbi. Maji yanaruka kutoka juu kabisa, upepo unayachukua njiani, na yakikaribia chini yameshakuwa ukungu. Nilipita pale kama nusu ya safari, uso ukalowa, nikasema asante kwa sauti. Halafu njia ikazunguka bondeni, na kilomita ya 26 ikafika.

Hapo wanapaita ukuta. Kutoka bondeni hadi Wengen njia inapanda kwa kona, moja juu ya nyingine, ndani ya miti. Kuanzia hapo wanaweka vibao kila baada ya mita 250, maana kilomita nzima ni mbali mno kwa moyo wa mtu. Watu 4,000, na karibu wote wanaacha kukimbia. Kelele zote za bondeni zinabaki chini. Unasikia viatu kwenye kokoto na pumzi za watu, basi. Kila mmoja ameinama, mikono juu ya mapaja, anausukuma mguu kwa mkono ili upande.

Na ni hapo, Aika, nilipogundua kwamba naangalia visigino vya mtu.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja, umri wangu hivi, soksi za rangi ya machungwa. Kisigino cha kulia kilikuwa na tope, cha kushoto hakina. Nilikuwa nimevitazama visigino vile sijui kwa muda gani, kulia, kushoto, kulia, na shingo yangu imekaza kabisa, imenyooka kama nimebeba. Mwili wangu ulikuwa unapanda kama ulivyofundishwa. Nilikuwa na miaka minane bibi yako aliponianzishia kwenda naye chini kukata majani ya ng'ombe. Tulikuwa tunatoka alfajiri, tunashuka mpaka kule kwenye joto, tunakata, tunafunga, halafu yeye anasokota ngata ya majani makavu ya mgomba, ananiwekea kichwani, anainua mzigo kwa magoti na kunitua juu ya ngata. Halafu kupanda. Majani yakiwa mabichi yanavuja maji yanakuchuruzika mgongoni. Hayakuruhusu kugeuza shingo. Ukiinua macho, mzigo unaenda nyuma. Kwa hiyo kwa miaka yote ile nilichokiona mlimani ni visigino vya mama yangu, vilivyopasuka, vyenye vumbi jekundu ndani ya nyufa. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa juu yetu muda wote. Watu wanatoka mbali kuja kuitazama, na mimi niliyezaliwa chini yake sikuwahi hata mara moja kuitazama nikiwa napanda. Niliitazama nikiwa nimeketi, au nikiwa nashuka mikono mitupu.

Nikainua kichwa. Hakuna kilichodondoka. Kwenye pengo la miti nikaiona Jungfrau yote, nyeupe, mita 4,158, imekaa hapo kama imenisubiri. Nilisimama. Mtu wa nyuma akanigonga kidogo, akaniomba radhi kwa lugha yake, nami nikamwomba kwa Kiswahili kwa sababu nyingine yoyote ilikuwa imenitoka. Kutoka pale hadi Wengen nilipanda nikiwa nimenyoosha uso mbele, nikijikwaa mara mbili kwa kutoangalia chini, na sikujali.

Wengen hakuna magari. Watu wametoka nje na meza zao, watoto wameshika vikombe. Wakanipa kipande cha ndizi, na nikiwa naitafuna nikapata hamu ya mtori wa bibi yako mpaka macho yakauma. Zile ndizi za dukani huku zinavunwa changa, zinasafirishwa wiki kadhaa baharini, zinaivishwa ghalani. Lakini ilinipa nguvu, sitaisema vibaya.

Shida ilinikuta baada ya kilomita ya 37. Shavu la mguu wa kushoto likakaza ghafla, likawa gumu kama jiwe, nikashindwa kukanyaga. Nikakaa kwenye nyasi. Kuna vituo ambavyo ukichelewa unasimamishwa, na treni ileile uliyoniulizia ndiyo inakuchukua. Niliisikia inapanda, meno yake yanakwaruza. Kijana mmoja wa kujitolea akaja, hakuuliza kitu, akapiga goti, akaushika mguu wangu, akaukunja unyayo taratibu kuelekea kwangu na kuushikilia hapo mpaka msuli ukaachia. Akanipa kikombe cha supu ya chumvi. Nikisema dakika nne sidhani nakosea. Wewe ukija kukazwa hivyo, fanya hivyohivyo: usiusugue kwa nguvu, uvute unyayo kuelekea gotini, subiri, kunywa kitu chenye chumvi.

Sehemu ya mwisho ndiyo ninayoiota. Unapanda juu ya tuta la mawe na kifusi, jembamba, mtu mmoja mmoja, na upande wako ni mlima Eiger. Juu ya tuta lile amesimama mtu amevaa sketi ya Kiskoti anapuliza zumari la mfuko, na sauti inakushukia kabla hujamwona. Tuta lenyewe limeachwa na barafu. Yaani barafu ilikuwa inafika hapo, ikalisukuma, halafu ikarudi nyuma ikaliacha. Sasa ukitafuta barafu yenyewe inabidi uinue macho mbali juu. Nikakumbuka bibi yako anavyonyoosha kidole kuonyesha Kibo ilikofunikwa zamani alipokuwa msichana, na sisi tukidhani anaongeza chumvi. Hakuongeza. Wanasayansi walipima: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza asilimia 85 ya barafu yake. Nilitembea juu ya lile tuta kwa hatua ndogo, kama mtu anayepita makaburini. Naomba uitazame Kibo kila asubuhi ikiwa wazi. Itazame kabla hujasonga ugali, kabla ya simu.

Baada ya hapo ni kushuka kidogo, unaona utepe, umefika. Nilitumia saa 5 na dakika 58. Walinivika medali, nikakaa kwenye kijiwe nyuma ya kituo cha treni, nikalia vizuri, kilio cha kushiba. Kucha moja ya kidole gumba imekuwa nyeusi na itatoka.

Sasa mwambie bibi: sikubeba kitu. Ndilo jibu, na ndiyo sababu nililipa. Nililipa ili nipande mlima siku moja mikono mitupu, shingo huru, mtu mzima wa miaka 45. Miaka kumi na miwili nimekaa huku nikiinua wazee wa watu kutoka kitandani na kuwarudisha, na ule mzigo wa majani sikuwahi kuutua, ulibadilika umbo tu. Wewe nilikuacha una miaka saba, na najua mzigo gani nilikuachia wewe na bibi. Sijausahau hata siku moja. Nalijua zizi linataka majani kila siku ya Mungu, na najua ni nani anayeyapandisha sasa.

Kwa hiyo sikiliza nilichoamua. Mwakani mwanzoni mwa Machi nina likizo, nimeshaiomba na nimekubaliwa. Kilimanjaro Marathon inakimbiwa Moshi, inaanzia na kuishia uwanja wa Ushirika. Nataka tukimbie kilomita 21, mimi na wewe. Ni lami, si njia ya mlimani kama hii ya huku, lakini kupanda kuelekea Mweka ni kupanda kwelikweli, katikati ya migomba na kahawa, na Kibo iko mbele ya uso wako. Ada nitalipa mimi. Kukimbia mlimani hatukuletewa na wageni, usidhani hivyo. Simon Mtuy, mtu wa hukohuko Marangu, mwaka 2006 alipanda hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kushuka, bila msaidizi, akatumia muda wa saa 9 na dakika 21.

Una miezi mitano na ushee. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Mbili nenda pole, kiasi cha kuweza kuongea bila kukatika pumzi. Ya tatu panda kutoka Mtoni kuelekea getini. Pakisimama sana, tembea, na hapo usione aibu, wote tulitembea. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti: piga hatua fupi fupi, usijifunge breki kwa kisigino. Kunywa maji kabla hujasikia kiu.

Lakini asubuhi hizo tatu usiende kukata majani. Nimeongea na kijana wa bodaboda pale Mtoni, atakuwa anayaleta mafungu mawili kila siku ya mazoezi, nami nitamtumia hela mwisho wa mwezi. Bibi atasema ni uharibifu wa pesa. Mwache aseme, usibishane naye, ila usikubali kwenda. Na ukipanda usichukue hata kindoo cha kurudi na maji. Nenda na mwili wako tu.

Viatu nitakuletea mimi, ila duka linataka kipimo, na kwa simu ulinitajia namba mbili tofauti. Fanya hivi: jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea, weka karatasi sakafuni, simama juu yake kwa uzito wako wote, zungusha penseli ikiwa imesimama wima. Miguu yote miwili, maana haiwi sawa. Piga picha pamoja na rula unitumie.

Na wa bibi pia uuchore. Akikataa, mwambie ni mimi nimeomba. Zungusha hadi nyuma kabisa, kisigino kiingie chote.

Mama yako