Salamu za Krismasi Kutoka Mwanza: Mgeni Katika Kanisa la Watu wa Rangi Zote

Kwenu ndugu, jamaa na marafiki mlioko Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Magu na Musoma, pamoja nanyi mnaoishi mbali na ziwa kwa sababu ya kazi au masomo, nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo na kuwatakia amani ya sikukuu ya kuzaliwa kwake.

Desemba imetukuta katika shughuli zake tunazozijua. Maembe yamejaa sokoni, wakulima wa mahindi na pamba wanakimbizana na mvua za vuli, na mabasi yanaingia Nyegezi yakiwa yamejaa watu wanaorudi kwao. Ndugu zetu wa Sengerema na Geita sasa wanavuka kwa Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa takribani kilomita 3, na wale waliozoea kulala foleni wakingoja kivuko wanajua wenyewe namna ya kushukuru. Katika mwezi huu ni vigumu kupata nyumba isiyo na mgeni, na ile isiyo na mgeni mara nyingi ni kwa kuwa wenyewe wamefunga mlango wakaenda kuwa wageni kwingine.

Kwa hiyo nimeona salamu zangu za mwaka huu ziwe juu ya mgeni, na hasa mgeni anayeingia kanisani. Katika Majilio haya rafiki yangu wa siku nyingi alinialika kusali katika usharika wake hapa jijini, mahali ambapo Waafrika wa makabila mengi ya ziwa, Wahindi waliozaliwa hapa, Wahindi waliokuja kwa kazi za viwanda vya samaki, Wazungu wanaofanya kazi hospitalini na vyuoni, na hata Wachina wachache waliokuja na kazi za ujenzi, wanaabudu katika ibada moja, kwa Kiswahili, chini ya mchungaji mmoja. Nilikuwa nimesikia habari za usharika huo, lakini kusikia si sawa na kuketi ndani yake.

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa mlangoni. Mama mmoja wa makamo, aliyevaa kitenge cha umoja wa wanawake, ndiye aliyekuwa akiwapangia watu mahali pa kukaa, naye alikuwa akijaza mabenchi kwa kufuata nafasi tu. Familia ya Kizungu iliyofika mapema aliipeleka benchi la nne, na alipoingia mama muuza dagaa wa mwaloni wa Kirumba, mtoto akiwa mgongoni, aliwaambia wale Wazungu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, sogeeni kidogo, mama akae." Wakasogea. Yule mama akamfungua mtoto, akampakata, na nyimbo zilipoanza, kitabu kimoja cha nyimbo kikawa kinashikwa na mikono miwili, mmoja wa kwake na mwingine wa yule binti wa Kizungu aliyekuwa kando yake. Pale mbele, karibu na mchungaji, hapakuwa na kiti cha mgeni yeyote.

Nalitaja hilo la kiti kwa makusudi. Sisi watu wa kanda hii tunasifika kwa kumheshimu mgeni, na sifa hiyo ni ya haki, lakini tukisema kweli mbele za Mungu heshima yenyewe hatuigawi sawasawa. Katika sharika nyingi Mzungu akiingia ibada ikiwa imeshafika katikati, mzee wa kanisa huinuka, humtafutia kiti chenye mto na kumketisha mbele ya wote, na wakati wa matangazo huombwa aseme neno hata kama hana neno la kusema. Lakini mvuvi aliyetoka Ukara kwa boti usiku kucha hupata nafasi kwenye benchi la mlangoni, akipata. Mtume Yakobo aliliandika jambo hili waziwazi katika waraka wake, sura ya pili, juu ya mwenye pete ya dhahabu anayekaribishwa mahali pazuri na maskini anayeambiwa asimame kule, na kila mwaka tunausoma waraka huo bila kutazama mabenchi yetu.

Wanaodhulumiwa na desturi hiyo ni wawili. Wa kwanza anajulikana: ni yule wa mlangoni. Wa pili ni huyo huyo anayewekwa mbele, kwa sababu kiti chenye mto humfanya abaki mgeni hata akikaa nasi miaka kumi. Hapewi zamu, hakosolewi akiimba vibaya, haombwi kubeba kitu, na hakuna anayemtembelea akiugua, kwa kuwa kila mtu anadhani yuko mwingine mkubwa zaidi anayemshughulikia. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sioni kwamba walisema hivyo kwa kumchoka mgeni. Walijua kwamba mtu huwa wa nyumbani siku anayopewa kazi ya nyumbani.

Katika usharika huo jembe halingoji siku ya tatu. Wageni tulipoombwa kusimama, tulisimama kwa kufuata mabenchi, kila mmoja akataja jina lake na alikotoka, tukaimbiwa wimbo mmoja wa kukaribishwa, na hapo habari ya ugeni ikaishia. Baada ya baraka, waumini walipotoka kwa maandamano wakiimba, mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, hebu tusaidie upande huu," nami nikajikuta nimebeba benchi kuelekea uwanjani pamoja na mhandisi Mchina ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno "taratibu" alilijua vizuri, na alilitumia kila tulipofika kwenye ngazi.

Uwanjani palikuwa na mnada wa matoleo, na mnada ndio mahali pa kuujua usharika wowote. Meza ilikuwa na mayai, mkungu wa ndizi, viazi vitamu kwenye ndoo, sato wawili wakubwa waliofungwa kwa kamba, na jogoo mwekundu aliyekuwa akilalamika. Mzee mmoja wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa hapa Mwanza na ambaye huwaamkia bibi vizee kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", naye akajibiwa kama anavyojibiwa mtoto wa nyumbani, alimnunua yule jogoo, akamrudisha ili anadiwe tena, kama ilivyo desturi ya wanaotaka kutoa mara mbili. Mara ya pili alinunuliwa na muuguzi wa Kijerumani aliyekuwa na zamu ya chai siku hiyo. Alilipa, akahakikisha kamba ya miguuni imekaza, akamweka jogoo chini ya meza, akaendelea kumimina chai na kugawa maandazi, huku akimhimiza kijana mmoja arudishe vikombe vilivyokwisha kutumika.

Lakini kuna jambo moja la ibada ile ambalo halijanitoka moyoni, nalo linaihusu rangi kwa namna ambayo sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna ruhusa ya kuipita kimya. Somo la nabii Isaya lilisomwa na msichana mwenye ualbino. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na Biblia ya kawaida ina maandishi madogo, kwa hiyo alikuwa na karatasi ambazo somo lote limeandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa nyeusi. Rafiki yangu aliniambia kwamba karatasi hizo huandikwa na mama mmoja wa Kihindi, mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha samaki, kila inapofika zamu ya binti huyo, na kwamba benchi analoketi binti limechaguliwa upande ambao jua la asubuhi haliingii dirishani. Alisoma bila haraka, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi.

Tangu katikati ya miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino katika mikoa hii wamewindwa, wamekatwa viungo na kuuawa kwa ajili ya imani za kishirikina kwamba viungo vyao huleta utajiri, hata wakati fulani wazazi wakawa wanawafungia watoto ndani, na watoto wengine wakapelekwa kuishi katika shule za bweni zenye ulinzi, mbali na mama zao. Waliofanya hayo hawakuwa wageni kutoka ng'ambo. Ndiyo maana nashindwa kusikiliza kwa utulivu mtu anaposema ubaguzi wa rangi ni habari ya Wazungu na historia yao. Kanisa linalomkaribisha Mjerumani kwa shangwe huku mtoto mwenye ualbino akifichwa nyuma ya pazia la jirani bado halijawakaribisha watu wa rangi zote.

Historia ya wenzetu nayo inafaa kukumbukwa, kwa sababu inaonyesha jinsi utengano unavyoanza. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kiholanzi la Matengenezo huko Rasi (Cape), Afrika Kusini, ilikubali kwamba kwa mujibu wa Maandiko inafaa waumini wasio Wazungu wapokewe katika sharika zilizokuwapo, lakini ikaruhusu waabudu kando kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu. Ilikuwa ruhusa tu, iliyotolewa kwa lugha ya upole. Mwaka 1881 likaanzishwa kanisa la pembeni kwa waumini wa rangi mchanganyiko, na kuanzia 1948 utengano ukawa sera ya serikali ya nchi nzima. Ni kanisa hilo hilo la pembeni lililokuja kupitisha Ungamo la Belhar mwaka 1986, likitangaza kwamba umoja wa waumini ni zawadi na wajibu unaopaswa kuonekana kwa macho. Huko Marekani, Richard Allen na wenzake weusi walitoka katika kanisa moja la Kimethodisti mjini Philadelphia mwishoni mwa karne ya 18, baada ya baadhi yao kuinuliwa kwa nguvu wakiwa wamepiga magoti wakiomba, na mwaka 1816 likaundwa kanisa lao la African Methodist Episcopal. Mwaka 1960 Martin Luther King alikuwa bado anaiita saa tano asubuhi ya Jumapili kuwa miongoni mwa saa za utengano mkubwa kabisa katika Marekani ya Kikristo.

Kwetu Tanganyika, serikali ya kikoloni ilitenga shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na utaratibu huo ukaondolewa baada ya Uhuru wa 1961. Sheria ikafutwa mapema. Mazoea yakachelewa, na mengine bado yapo, hata kama leo tunayaita mambo ya lugha au ya mtaa mtu anakoishi.

Hata hivyo pwani hii ya ziwa ina kumbukumbu yake njema. Injili yenyewe ilifika hapa kwa miguu ya wageni. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walipoondoka Buganda walipata mahali pa kukaa Bukumbi mwaka 1883, katika nchi ya Wasukuma; na kule Nassa, kituo kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana kilikabidhiwa mwaka 1909 kwa misheni ambayo matunda yake ni Kanisa la Afrika Inland tulilo nalo leo. Wageni hao wasingeweza hata kupata maji ya kunywa kama wenyeji wasingewaonyesha kisima. Mkatoliki wa Mwanza anaposali katika Kanisa Kuu la Epifania pale Bugando, anasali chini ya jina la sikukuu ya wageni: wale mamajusi wa mashariki waliofuata nyota, wakaingia nyumbani, wakafungua hazina zao. Sipendi tunavyoipita Epifania haraka, mapambo yakishashushwa na ada za shule zikishaanza kutusumbua, kwa kuwa ndiyo siku inayotuonyesha kwamba Mariamu na Yusufu, watu wasio na mali, walipokea zawadi kutoka mikononi mwa watu wasiofanana nao, wala hawakuona haya kuzipokea. Muda mfupi baadaye familia hiyo hiyo ikawa mgeni Misri, katika bara letu.

Basi ndugu zangu, sikukuu hii sharika zetu zitajaa nyuso ambazo hatuzioni mwaka mzima: watoto waliokulia Dar es Salaam wasiojua Kisukuma, wakwe kutoka mikoa mingine, wafanyakazi wa kigeni wasio na familia hapa, na jirani ambaye hajawahi kuthubutu kuingia. Nawaomba wazee wa kanisa na wahudumu wa mlangoni mwatazame wote kwa jicho moja, na wale viongozi wa kwaya wenye nakala chache za nyimbo wamgawie na mgeni. Mkiwa na mtoto mwenye ualbino mtaani, mwendeeni mzazi wake kabla ya mkesha, mkamwalike kwa jina, na mkubaliane nani atamsindikiza njiani usiku. Mkimpata Mzungu au Mhindi, mpeni kikapu cha matoleo akipitishe, au sufuria ya pilau aikoroge.

Kwa wagonjwa walioko hospitali za Bugando na Sekou Toure ambao hawataruhusiwa kurudi nyumbani, kwa wauguzi na madaktari wanaokesha nao, kwa wavuvi watakaokuwa majini usiku wa Krismasi, kwa familia ambazo bado zinawalilia waliozama na MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, na kwa Waislamu majirani zetu ambao kila mwaka hula nasi sahani moja, naomba amani ya Mungu iwakalie. Nawatakieni nyote Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.