Barua kwa vijana wangu mnaojichora

Wanangu wa karakana ya uchoraji ya Buruburu, Nairobi,

Asanteni kwa kuniita nizitazame picha zenu kabla hazijatundikwa. Siku ile nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo, na mtoto hakosolewi mbele ya mnunuzi. Leo wageni hawapo.

Picha zilikuwa tisa, na katika saba mmejichora na shuka nyekundu na shanga za Kimaasai. Nawajua ninyi. Aliyekulia Kajiado, kwa Wamaasai, ni mmoja tu. Waliobaki mmezaliwa hapahapa mkavishwa mitumba ya soko la Gikomba. Shuka haina kosa. Ila nilimuuliza mmoja wenu kwa nini ameivaa, akanijibu kwamba ndivyo watalii wanavyopenda. Sasa hapo, mwanangu, uso ni wako lakini aliyechorwa ni mtalii.

Mnajua nilikuwa mpiga picha River Road. Roli ya filamu yangu ilikuwa na picha 12, na mteja alitaka zake kesho yake hata kama roli haijaisha. Zilizobaki nilizimaliza kwa kupiga ukuta, pazia, paka wa jirani. Mwaka 1975, kule Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kijana wa miaka 13 aitwaye Samuel Fosso alifungua studio, na shida yake ikawa hiyohiyo ya filamu inayobaki. Yeye hakupiga ukuta. Wateja wakishaondoka alivaa suruali zilizopanuka miguuni na miwani ya giza, akajipiga mwenyewe, nyingine awapelekee jamaa zake Nigeria wajue kuwa yu mzima. Leo picha zile zinatafutwa na makumbusho makubwa. Mimi nina paka. (Nacheka, lakini inauma.)

Mtazameni pia Zanele Muholi, mpiga picha wa Afrika Kusini. Alijipachika vibanio vya nguo kichwani vikawa kama taji, kwa kumkumbuka mama yake, Bester, aliyefanya kazi za ndani miaka mingi katika nyumba za Wazungu. Vibanio! Kila kamba ya nguo mtaani Umoja inavyo. Na msiseme hayo ni ya mbali: msanii Cyrus Kabiru ni mtoto wa Nairobi, miwani yake ameiunda kwa waya na vyuma chakavu vya mitaani, akaivaa, akapigwa picha. Mtu wa Nairobi akimwona anajua hiyo taka imetoka wapi.

Halafu wacheni kujichora kutoka kwenye selfi. Simu ikiwa karibu na uso hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Ndiyo maana nyote mna pua moja. Tumieni kioo, mkae hatua mbili kutoka kwacho. Kovu la kushoto litaenda kulia, hilo lisiwasumbue.

Wewe uliyejichora umebeba mtungi wa lita 20, foleni ya maji nyuma yako: nani alikwambia uifiche picha ile nyuma ya mlango? Itoe.

Jumamosi nitakuja na kioo changu cha studio, kile ambacho wateja walichania nywele mbele yake. Kimepasuka pembeni, na ni kizito. Tafuteni msumari imara.

Mzee wenu wa River Road