Barua ya wazi kwa mnaopanda Moshi Desemba

Wanangu mlioko Dar, Dodoma na Mwanza,

Salamu nyingi kutoka Kibosho. Shule zikifungwa mtaanza kupanda, na bibi zenu wameshaanza kuulizia mnakuja lini. Karibuni sana. Ila safari hii nina neno.

Krismasi iliyopita watoto walishinda kwenye makochi wakigombea chaja. Mpira wa dukani ulitobolewa na miiba ya ua siku ya kwanza, mchezo ukaishia hapo. Baba mtu akawasha gari kwenda mjini kununua mwingine! Kihamba kizima, shamba hili la nyumbani, kimejaa migomba, halafu mtoto akose mpira? Aisee.

Sikilizeni mpira unavyotengenezwa. Fulana kuukuu mbili au tatu zikunjwe na kukazwa mpaka ziwe na ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Wengi huharibu hapa: kiini kikilegea, mpira unakuwa yai, ukiupiga unakwenda upande. Chaneni maganda makavu yanayoning'inia kwenye shina la mgomba, upana wa kidole, myaloweshe kidogo, maana yakiwa makavu kabisa hukatika mkiyavuta. Yasokoteni mawili mawili yawe kamba. Zungushieni kiini, na kila mizunguko mitatu mgeuze robo, ndipo utakuwa duara. Ukifika sentimita 15 hivi, ufumieni wavu kwa kamba hiyo hiyo, fundo kila vidole viwili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019; msiitafute, haihitajiki. Usiku uwekeni darini juu ya jiko. Ukilala nje unanyonya maji, unakuwa mzito, kesho yake vidole vya miguu vinalia.

Na msiwafanyie. Wa miaka mitano anaweza kuchana, wa minane anasokota.

Mengine kwa kifupi. Kukwea miti, mpera ndiyo, mparachichi hapana: tawi lake hukatika bila kuonya, hata likiwa nene. Mtoni, maji yakibadilika rangi tokeni upesi. Mvua ya juu msituni huyashusha ghafla huku chini jua likiwaka. Mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashamba, usizibwe kwa mchezo, jirani wa chini ana zamu yake. Sweta na gambuti msisahau.

Watoto siwalaumu. Nyumba mmejenga, nzuri kweli, lakini geti linafungwa miezi kumi na moja, na uwanja mmeumwagia zege mpaka mlangoni. Mtoto atachezea udongo wapi? Likizo nayo imeliwa na tuisheni. Bibi anabakiziwa siku nne, na gunia la mchele la kumfariji. Mchele anao. Anataka mtoto amchafulie jiko, aulize hiki nini, kile nini.

Basi kaeni angalau wiki. Na zile fulana mnazodekia sakafu, leteni. Ziwe za pamba. Za nailoni huteleza, kiini hakikazi. Maganda nitawaanikia.

Babu yenu,
Kibosho