Kibofu cha Mama bado kinapumzika

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole sana kwa kuuguza. Umeniandikia kwamba Mama alitolewa mpira wa mkojo asubuhi, hadi jioni haja ndogo ikagoma, ukarudishwa, na sasa unaamini atakaa nao maisha yake yote. Ndugu yangu, usifike huko. Wako wengi walioshindwa mara ya kwanza mpira ulipotolewa, wakafaulu baadaye.

Tulipomuuguza baba hofu yangu ilikuwa hiyo hiyo, mpaka muuguzi mmoja akanieleza kinachotokea ndani. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida huchukua mililita 400 hadi 500. Mama siku ile alitolewa mkojo zaidi ya lita moja. Ukuta wa kibofu ni msuli, na msuli uliovutika kiasi hicho hulegea, ukakosa nguvu ya kusukuma mkojo hata kama njia iko wazi. Msuli huo unahitaji kupumzika, na mpira ndio unaoupumzisha. Kuna wanaopona kwa siku chache, kuna wanaochukua wiki kadhaa. Kwa hiyo msiuchukie mpira huo, unamfanyia Mama kazi.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni dawa zake. Baada ya operesheni ya nyonga amepewa za maumivu, na tramadoli, kodeini na mofini zote zinaweza kukizuia kibofu kujikaza. Ndivyo ilivyo pia kwa amitriptilini, ile dawa ya sonona na maumivu ya neva, na kwa zile dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, ambazo wazee wetu humeza bila kumwambia mtu. Zikusanye zote, hata za zamani zilizobaki kwenye mkoba wake, uziweke mbele ya daktari. Usimkatishe hata moja kwa uamuzi wako, lakini uliza kwa sauti: ipi kati ya hizi inazuia mkojo?

Halafu, samahani kwa swali hili, Mama amepata choo kikubwa lini? Dawa za maumivu hufanya choo kuwa kigumu, na kikirundikana hukandamiza kibofu na njia ya mkojo. Kwa baba, choo kilipolainika ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Huwa nashangaa swali hili linavyosahaulika wodini.

Siku ya kujaribu tena, asinyweshwe maji mengi kwa mkupuo eti mkojo uje haraka, kibofu kitavutika upya. Anywe kidogo kidogo kama kawaida. Aketi wima, miguu ikanyage chini, mlango ufungwe. Mama yetu ana haya, hawezi kujisaidia mtu amemsimamia. Akimaliza, asubiri kidogo, ainame mbele, ajaribu tena.

Na tafadhali, mkojo ukianza kuchuruzika wenyewe msifurahi upesi. Kibofu kilichojaa pomoni nacho huvujisha. Omba wampime kwa ultrasaundi akishatoka chooni, wakutajie kiasi kilichobaki. Chini ya mililita 100 ni habari njema. Kikizidi 300, daktari ataamua cha kufanya. Isipowezekana hata mara hiyo, bado ipo njia ya kuingiza mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku, mkojo ukatoka, mpira ukaondolewa. Wapo wazee wanaojifunza kufanya hivyo wenyewe, na maambukizi huwa machache kuliko mpira unaokaa ndani muda wote.

Kuhusu mfuko wa mkojo, haya unayajua: uwe chini ya usawa wa kibofu, usilale sakafuni, mrija usijikunje. Lakini akipata homa na kutetemeka, akianza kuchanganyikiwa ghafla, mfuko ukikaa mkavu huku tumbo la chini linamuuma, au miguu ikiishiwa nguvu na sehemu za siri zikafa ganzi, msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni saa hiyo hiyo.

Mwambie Mama namsalimu sana, na kwamba hana la kuona aibu mbele ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Nawe niandikie majina ya dawa zote kabla hamjarudi kwa daktari, tupange pamoja maswali ya kumuuliza. Nitakupigia jioni, akishalala.

Wako,
Rehema