Kwa Mwanangu, Kabla Hujatia Kidole

Muttrah, Muscat

Kwako mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, mimi ni mzima, na natumai wewe, mama yako na wadogo zako hamjambo. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili usiku ule, nikaona kwamba jambo lenyewe ni la kuandikiwa barua, si la kujibiwa kwa dakika moja huku nikihesabu magunia ghalani. Umesema kwamba ulipofika kwenye meza ya usajili wa kitambulisho karani alikuuliza kabila lako, ukamjibu kuwa wewe ni Mswahili, naye akacheka, akakwambia kuwa Kiswahili ni lugha na wala si kabila, kisha akakurudisha nyumbani ukawaulize wazee wako "kabila la kweli". Basi mzee wako ni mimi, na jibu langu ni lile lile ulilompa. Sitaki tu ulirudie kwa hasira bila ya kujua limetoka wapi.

Mwombe mama yako akuteremshie ule mkebe wa biskuti ulioko juu ya kabati. Ndani yake utakuta karatasi za watu wanne wa damu moja. Ya juu kabisa, iliyokunjwa mpaka ikakatika kwenye mikunjo, ni stakabadhi ya kodi ya babu mzaa babu yako, na humo ameandikwa kwa Kiingereza kuwa ni mwenyeji. Chini yake iko karatasi ya babu yako ya kazi ya bandarini, ambayo inamwita Mwarabu. Nakala ya fomu yangu mimi inasema Mswahili. Ami yako, ambaye nimempita kwa miaka miwili na tumenyonya ziwa moja, ameandikwa Mbajuni, kwa sababu siku aliyokwenda yeye karani alimwuliza mama yake katoka wapi, naye akajibu kwamba katoka Faza, kwao Wabajuni. Hakuna katika hao aliyesema uongo, na hakuna karatasi hata moja iliyosema yote, kwani hakuna inayomtaja mama yake babu yako, ambaye alikuwa Mdigo wa Likoni na ndiye aliyemlea babu yako.

Anza na hilo neno mwenyeji. Masikioni mwako ni neno zuri, la mtu aliye kwao. Katika vitabu vya mkoloni lilikuwa na maana ya mtu wa daraja la chini, anayelipa kodi ya kibanda, anayehukumiwa kwa sheria za peke yake, na ambaye kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume akishatimiza miaka 16 alipaswa kutiwa vidole na kutembea na kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Neno hilo halijafa. Hata wewe katika ujumbe wako umesema kwamba unafuata "kipande". Wasiokuwa wenyeji, yaani Wazungu, Wahindi na Waarabu, walikuwa na vitabu vyao vingine.

Sasa mtu wa Mombasa angetiwa kapu gani? Sisi ni wa Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na Tisa Taifa, ambao ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Washaka, Wapate, Wafaza, Wagunya na Wakatwa. Kila taifa lilikuwa na wazee wake na mtaa wake, na mtu alijulikana kwa taifa lake na kwa msikiti anaosali. Serikali haikuwa na haja na hayo. Ilikuwa na makapu mawili tu, la wenyeji na la wasiokuwa wenyeji, na sisi ikatutia katika la kwanza. Wazee wakaandika maombi mwaka baada ya mwaka wakidai wahesabiwe pamoja na Waarabu, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndipo walipokubaliwa kupiga kura upande huo. Hapo ndipo lilipotokea lile neno la babu yako.

Vijana wengi leo huwacheka wazee wale, wakisema kwamba waliukana Uafrika wao. Mimi nilikuwa nikiwacheka pia nilipokuwa na umri wako. Sikuhizi siwacheki, kwa kuwa mtu akiambiwa kuwa neno moja lina kodi na kipande, na jingine lina kura na heshima ya ofisini, sijui nani angechagua la kwanza. Linaloniuma ni jingine: katika kulikimbia kapu lile, hawakuuliza kwa nini kapu lenyewe liwepo, na wakamwacha ndani yake Mdigo aliyekuwa mama wa nyumba zao. Kwa upande mwingine, mwaka 1947 ilipopitishwa sheria ya kuwasajili watu wa rangi zote, walowezi walipiga kelele kwa kuambiwa watie vidole, kana kwamba wino ule una ukoma, mpaka wakatafutiwa njia ya kutia saini na kubandika picha. Kwa hiyo kila mtu alijua maana ya kutia kidole. Bibi yako ndiye peke yake aliyesalimika katika mambo hayo, kwa kuwa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978 wanawake hawakuwa wakipewa kitambulisho. Serikali haikumwuliza kabila kwa sababu haikumwuliza kitu chochote.

Tuje kwenye meza uliyosimama wewe. Sheria ya Usajili wa Watu, ile Sura ya 107, inaorodhesha mambo ambayo afisa lazima ayaandike: jina, jinsia, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kazi, makazi, alama za vidole. Katika orodha hiyo kabila limetiwa kwa maneno ambayo nakuomba uyashike: ni kabila au asili ambayo mwombaji ameitamka. Haikusemwa kuwa ni ile anayoiona afisa usoni mwako, wala inayolingana na jina la baba yako, wala iliyomo katika orodha aliyoibandika ukutani. Afisa ana haki ya kudai ushahidi wa unayoyasema, na hiyo usimnyime: mpe cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vyetu wazazi, na barua ya chifu. Lakini kazi yake ni kuyaandika uliyoyatamka, si kukuchagulia.

Najua kwamba kusema ni rahisi. Mimi nilipotimiza miaka 18 nilipigwa msasa, yaani kuhojiwa zaidi ya wengine kabla ya kupewa kitambulisho, kama walivyokuwa wakipigwa vijana wengi wa Kiislamu wa pwani, na Wasomali, na Wanubi, wakati ambapo mwenzangu wa darasani kutoka bara alichukua kitambulisho chake kwa asubuhi moja. Tuliketishwa kwenye benchi chini ya mwarubaini, mbele yetu meza yenye watu watatu. Mmoja wao, aliyekuwa akisafisha miwani yake kwa ncha ya shati, aliniambia, "Hebu sema kitu kwa lugha ya kabila lenu." Nikamwambia kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, "Mato yangu yaona, na ndia ya kwetu naijua." Akasema, "Hicho ni Kiswahili." Nikamjibu, "Ndicho." Wakacheka wote, na yeye akacheka, lakini kicheko hakikunipa kitambulisho. Niliulizwa babu yangu kazikwa wapi, nikataja Kikowani. Nikaulizwa nani alishuhudia, na kama si mzee wa mtaa kuinuka na kusema kwamba yeye mwenyewe aliteremka kaburini, ningerudi mara ya tano. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza akiwa kaskazini mwa nchi kwamba msasa huo wa ziada umeondolewa, na mimi nilifurahi, ila nimeishi vya kutosha kujua kwamba tangazo husafiri kwa ndege na karani hulisubiri kwa punda.

Usidhani pia kwamba orodha ile ya ukutani imeteremka kutoka mbinguni. Shuleni tulikaririshwa kwamba Kenya ina makabila 42. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, hawakuwamo, na watoto wao walizaliwa na kuzeeka bila karatasi, mpaka walipofunga safari ya miguu kuelekea Nairobi mwezi wa Oktoba 2016. Mwaka uliofuata wakatangazwa kuwa kabila la 43. Miezi michache baadaye Wahindi wa Kenya wakawa la 44, na mwaka 2023 ikafika zamu ya Wapemba wa Kilifi na Kwale. Niliwaona Wapemba tunaojuana nao wakilia kwa furaha kwenye simu zao, nami nikalia nao, ingawa moyoni najiuliza ni nchi gani hii ambayo mvuvi hawezi kupata leseni wala laini ya simu mpaka kwanza apewe namba ya kabila.

Na hizo hesabu nazo zisikutie unyonge. Katika sensa ya 2009 Waswahili walitajwa kuwa zaidi ya 110,000. Ile ya 2019 ikatoa kiasi cha 56,000, na Wabajuni wakiwa na mstari wao wenyewe wenye watu zaidi ya 91,000. Hakukupita tauni Mombasa katika miaka hiyo kumi. Nyumbani kwetu peke yake, kama ami yako angekuwepo usiku ule wa sensa, tungehesabiwa mistari miwili chini ya bati moja.

Jambo moja ninalolishukuru ni kwamba kadi utakayopewa haitakuwa na kabila usoni mwake. Hilo hubaki katika kumbukumbu za ofisi. Rwanda, Wabelgiji walianza katika miaka ya 1930 kuwaandikia watu ubwoko wao, yaani kabila, kwenye kitambulisho, Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na serikali zilizofuata baada ya uhuru zikaliacha neno pale pale. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani alitakiwa kutoa kadi, na mstari ule ndio uliomwua. Baadaye uliondolewa. Kwetu, katika ghasia za mwanzoni mwa 2008, watu waliulizwa vitambulisho barabarani, na ijapokuwa kabila halikuandikwa, jina la ukoo na mahali pa kuzaliwa vilitosha. Kwa hiyo kumbukumbu ile ya ofisini si jambo la kupuuza. Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inaihesabu asili ya mtu kuwa ni habari nyeti, na akikuuliza kabila mtu mwingine yeyote, wa benki au wa kampuni ya simu, una haki ya kumwuliza yeye kwanza anataka kuifanyia nini.

Nilipokuwa baharia tulitia nanga Durban kwa wiki mbili, na baada ya sala ya Ijumaa nikatambulishwa kwa mzee mmoja wa Chatsworth, ambako wako watu wanaoitwa Wazanzibari. Nikamwamkia kwa Kiswahili, naye akatabasamu tu; watu wake wengi ni Wamakua, waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa na kupelekwa Natal kuanzia mwaka 1873, wakapewa jina la bandari waliyopakiwa. Sheria ya Makaburu ya 1950 ilitaka kila mtu awe na rangi iliyoandikwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu hawa, waliokuwa wakihesabiwa Waafrika, waliandikwa kuwa "Waasia wengineo", wakang'olewa Bluff walikokuwa wakiishi na kupelekwa Chatsworth, mahali palipotengwa kwa ajili ya Wahindi. Nilimwuliza yule mzee kama jina lile lilimkera. Alisema lililomkera ni miembe ya baba yake iliyobaki nyuma. Kisha akaongeza, bila ya kuona haya, kwamba watoto wake walisoma shule nzuri kuliko ambazo wangezipata kama wangebaki Waafrika. Nikamkumbuka babu yako na karatasi yake ya bandarini.

Hapa nilipo, kadi yangu ya ukaazi inasema Mkenya na basi. Sokoni lakini, mtu akinisikia nikizungumza Kiswahili huniita Mzanzibari, nami ambaye Unguja nimeipita kwa meli tu, hugeuka na kuitika.

Rudi Jumatatu, nenda mapema, na uvae buibui lako kama kawaida. Ukiulizwa, sema Mswahili. Akikuuliza wa wapi, sema Mkilindini wa Mombasa, umwandikie kwenye karatasi ili asikosee. Akishamaliza, mwombe usome fomu kabla hujaitia saini, na uangalie majina zaidi kuliko hilo kabila, kwa kuwa mimi waliniondolea herufi moja ya jina la babu na ilinigharimu kiapo cha wakili nilipokwenda kutafuta pasipoti. Nakala za karatasi zangu nimempa jirani yetu anayerudi Mombasa Alhamisi, ziko kwenye bahasha ya kaki. Na usisahau kidole chako cha shahada cha mkono wa kulia, kile ulichojikata kwa mbuzi ya nazi siku ya Idi ukiwa na miaka sita. Mwonyeshe afisa lile kovu kabla hajaanza kukuchukua alama, asije akadhani mashine yake imeharibika.

Wako baba yako.