Kabla ya kukopa fedha za sola, tazama risiti ya LUKU

Mhariri,

Matangazo ya sola yamejaa mitaani na kwenye simu zetu, na karibu yote yanaahidi jambo moja: funga paneli juu ya bati, usahau LUKU, yaani kununua umeme wa kulipia kabla. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Tanga. Sola nazifunga na nazipenda. Lakini ahadi hiyo inawatia watu wa kipato kidogo kwenye mikopo ambayo paneli zao hazitaweza kuilipa, na jambo hili linaniuma.

Chukua nyumba ya taa chache, televisheni, feni na friji dogo. Nyingi za namna hii ziko daraja la D1, la watumiaji wadogo, ambako asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiweka VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (msimamizi wa nishati) inakuwa 122. Nyumba ikitumia uniti 60, hiyo ni shilingi 7,320 kwa mwezi, kama 88,000 kwa mwaka. Sasa mwenye nyumba huyo auziwe mfumo wa shilingi milioni mbili. Hata ukimpa uniti zake zote 60, itapita miaka 22 ndipo fedha yake irudi, na hapo hatujagusa riba. Betri za asidi zikitumiwa kila usiku huchoka ndani ya miaka miwili hadi minne. Za lithiamu hufika kumi hivi zikitunzwa vizuri. Kwa hiyo kabla mfumo haujajilipa, betri zitakuwa zimenunuliwa upya zaidi ya mara moja. Mtu wa namna hii kumwambia akachukue mkopo wa kikoba kwa ajili ya sola ni kumwonea.

Hesabu inageuka kabisa kwa mwenye duka la vinywaji aliye daraja la T1, la matumizi ya kawaida. Yeye uniti ni 292, na pamoja na makato ni 356. Friza zake zinafanya kazi kubwa mchana jua likiwa kali, kwa hiyo umeme wa paneli anautumia palepale bila kuupitisha kwenye betri, na betri ndiyo inayokula fedha. Paneli nne za wati 400, ukishatoa kinachopotea kwa joto, vumbi na nyaya, zinaweza kumpa uniti sita hivi siku ya jua zuri. Hizo ni uniti za zaidi ya shilingi 2,100 kwa siku ambazo haendi kuzinunua. Mtu huyo namwambia afunge, tena asichelewe. Saluni, mashine ya kushona na ofisi ya kuchapisha nazo ziko humohumo.

Wengine wananiambia, fundi, mimi bei hainisumbui, nachoshwa na kukatika. Tangu Bwawa la Mwalimu Nyerere lianze kuzalisha mwezi Februari 2024 makali ya mgawo yamepungua, ila nguzo bado zinaanguka na transfoma bado zinaungua. Kama tatizo lako ni hilo tu, huenda paneli huzihitaji. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri au paneli uendeshe vifaa vya nyumbani) na betri inayochajiwa na umeme huohuo wa TANESCO itakuvusha usiku kwa gharama ndogo zaidi. Na ujue hili, maana wauzaji hawalisemi: inveta ya kuungana na gridi, yaani nyaya za TANESCO, isiyo na betri huzima yenyewe umeme unapokatika, hata kama ni saa sita mchana na jua linawaka. Imetengenezwa hivyo ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe na umeme unaotoka paani kwako.

Kijijini ambako nguzo hazijafika sina ubishi. Huko sola ndogo ya taa na kuchaji simu inashinda koroboi siku yoyote.

Linalonikera zaidi ni paneli zenye lebo za uongo. Mteja mmoja aliniita kwa sababu televisheni ilikuwa inazima saa mbili usiku kila siku. Nyuma ya paneli pameandikwa wati 300. Niliipima kwa futi kamba: sentimita 100 kwa 67. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri ya siku hizi hutoa wati 200 hadi 230 jua likiwa limekolea, kwa hiyo ile haiwezi kufika hata wati 160, hata iweje. Paneli ya kweli ya wati 300 inakaribia ukubwa wa mlango, na kuipandisha paani peke yako ni kazi. Mteja alilipia nguvu ambayo hakupewa, na duka lililomuuzia limeshahama.

Naomba TBS, Shirika la Viwango, wapite madukani kupima paneli hizi. Kwa kuanzia futi kamba inatosha kuzikamata nyingi. Muuzaji naye alazimishwe kuandika kwenye ankara uniti ambazo mfumo utatoa kwa siku na dhamana ya betri ni ya miaka mingapi. Na wewe mnunuzi, nenda dukani na risiti zako za LUKU za miezi mitatu, umtake muuzaji akupigie hesabu kwa bei unayolipa wewe. Akikataa, rudi nyumbani na fedha yako.

Fundi umeme,
Tanga