Uvumilivu hauletwi na semina

Ndugu Mhariri,

Hapa Uvinza, wakulima na wafugaji wakigombana, dawa huwa semina, soda na hotuba. Kila upande huketi benchi lake, kisha watu hurudi kama walivyokuja.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba kukutana hupunguza chuki pale yanapotimia mambo manne: hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kufanya pamoja, na viongozi wanaounga mkono kukutana huko. Mwaka huohuo mwanasaikolojia mwingine, Muzafer Sherif, aliwagawa wavulana 22 makundi mawili yaliyoshindanishwa hadi yakahasimiana, katika kambi ya Oklahoma, Marekani. Kuwalisha pamoja kuliishia kurushiana chakula! Kilichowapunguzia uhasama ni shida za pamoja, ikiwemo maji ya kambi kukatika.

Basi anzeni na lambo la pamoja. Kamati iwe nusu kwa nusu. Mwenyekiti akitoka kwa wakulima, mweka hazina atoke kwa wafugaji. Njia ya ng'ombe ipimwe mbele ya wote, na birika la kunyweshea lijengwe mbali na mashamba. Kinachoharibu mara nyingi ni kumwita mfugaji siku ya mchango tu, maamuzi yakiwa yameshapita bila yeye. Hapo hadhi sawa imekufa.

Tena, anayevumilia ni yule anayekereka na bado akajizuia; asiyejali havumilii chochote. Kwa hiyo msiwahimize wapendane kwanza. Andikeni zamu za kunywesha, na faini ya anayeruka zamu, awe nani.

Msomaji,
Uvinza, Kigoma